Eksirei na kupona kwa kifundo cha mkono kilichovunjika

Eksirei ya kifundo cha mkono ni picha ya mionzi inayoonyesha mifupa ya sehemu ambako mkono unakutana na kiganja. Hupigwa kwa sababu mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni kujua kama mfupa umevunjika. Ya pili ni kukisia mkono huo utapona vipi: kama utarudi kushika jembe, kukamua nguo na kubeba ndoo, au utabaki umepinda na wenye maumivu. Makala hii inahusu hasa sababu ya pili, ikitazamwa kutoka wilaya za Nachingwea na Ruangwa katika Mkoa wa Lindi, kusini mashariki mwa Tanzania.

Picha ya kwanza hujibu swali la "umevunjika au hapana" kwa dakika chache. Utabiri huhitaji zaidi: vipimo, umri wa mgonjwa, na karibu daima picha ya pili baada ya siku kadhaa. Mgonjwa anayerudi nyumbani na picha moja tu amepata nusu ya alichofuata hospitalini.

Mifupa inayohusika

Mkono kati ya kiwiko na kiganja una mifupa miwili mirefu. Radiasi iko upande wa dole gumba, nayo ulna iko upande wa kidole cha mwisho. Mbele yake kuna mifupa midogo minane iliyopangwa kwa safu mbili; kati ya hiyo, unaoleta matatizo zaidi ni skafoidi, ulio chini ya dole gumba.

Mtu anapoanguka hutanguliza mkono ili kujikinga. Nguvu ya anguko hupita kwenye kiganja na kuishia kwenye ncha ya radiasi, sentimita mbili au tatu kutoka kwenye kiungo. Hapo mfupa ni mpana, lakini ganda lake gumu ni jembamba na ndani ni kama sifongo. Ndiyo maana huvunjika mahali hapo kwa urahisi, hasa kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, ambao mifupa yao hupoteza madini haraka kuliko ya wanaume wa umri huohuo.

Kwa kawaida radiasi hubeba takriban asilimia 80 ya nguvu inayopita kwenye kifundo, na ulna asilimia 20. Majaribio ya Palmer na Werner nchini Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1984, yalionyesha kwamba ulna ikiongezeka urefu kwa milimita 2.5 tu, mzigo wake hupanda hadi asilimia 42 hivi. Radiasi iliyovunjika na kudidimia huleta hali ileile: ulna huwa ndefu kuliko jirani yake, na maumivu huhamia upande wa kidole cha mwisho. Milimita chache ambazo jicho haliwezi kuziona juu ya ngozi ndizo zinazotafutwa kwenye picha.

Historia

Mwaka 1814 Abraham Colles, daktari wa upasuaji wa Dublin, alichapisha maelezo ya mvunjiko wa radiasi ambao hadi leo huitwa kwa jina lake. Ilikuwa miaka 81 kabla ya eksirei. Aliutambua kwa macho na vidole. Colles alitoa pia utabiri: kwamba mkono ulioachwa bila kunyooshwa utabaki na umbo baya maisha yote, lakini baada ya muda mrefu utarudi kufanya kazi zote bila maumivu. Utabiri huo ulikuwa na matumaini kupita kiasi, ingawa, kama itakavyoonekana, kwa wazee haukuwa mbali sana na ukweli.

Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi ya eksirei tarehe 8 Novemba 1895 huko Würzburg, Ujerumani. Moja ya picha zake za kwanza, ya tarehe 22 Desemba mwaka huo, ilikuwa ya mkono wa mke wake akiwa amevaa pete. Tangu hapo madaktari waliweza kuona mvunjiko wa Colles kama ulivyo, na mara wakagundua kwamba jina moja lilikuwa limefunika aina nyingi: mifupa iliyopasuka mstari mmoja, iliyopondeka vipande vipande, na ile ambayo ufa wake umeingia ndani ya kiungo chenyewe.

Vipimo vinavyosomwa kwenye picha

Picha mbili ndizo za lazima, moja ya mbele na moja ya ubavu. Picha ya mbele peke yake inaweza kuonyesha mfupa ulionyooka vizuri wakati ubavuni umepinda kuelekea nyuma.

Kwenye picha ya mbele, uso wa radiasi huinama kuelekea upande wa ulna kwa nyuzi 22 au 23, na ncha yake iliyo upande wa dole gumba husimama milimita 11 au 12 juu ya usawa wa ulna. Kwenye picha ya ubavu, uso huo huinama kidogo kuelekea kiganjani, kwa wastani nyuzi 11. Katika mvunjiko wa Colles mwinamo huu hugeuka, uso wa kiungo ukatazama mgongo wa mkono. Kipimo cha nne ni ngazi: kama ufa umeingia kwenye kiungo, je, vipande viwili viko usawa mmoja, au kimoja kimezama?

Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachohitaji mashine ya gharama. Filamu iliyowekwa mbele ya mwanga, rula, kipimapembe na penseli vinatosha. Kinachohitajika ni picha iliyopigwa sawasawa. Mkono ukiwa umezungushwa kidogo kwenye meza, ulna huonekana ndefu au fupi kuliko ilivyo na mwinamo hubadilika, hivyo kulinganisha picha ya leo na ya wiki iliyopita kunaweza kupotosha. Mtaalamu wa mionzi anayemweka mgonjwa vilevile kila mara huchangia katika utabiri kuliko inavyodhaniwa.

Mwongozo wa chama cha madaktari wa mifupa cha Marekani (AAOS) unasema upasuaji ufikiriwe iwapo, baada ya mfupa kuvutwa na kunyooshwa, radiasi imebaki fupi kwa zaidi ya milimita 3, au uso wake umeinama kuelekea mgongo wa mkono kwa zaidi ya nyuzi 10, au kuna ngazi ya zaidi ya milimita 2 ndani ya kiungo. Namba hizi zimekaririwa duniani kote. Ni vizuri kukumbuka kwamba zilipangwa kwa ajili ya watu wasiofikia uzee, na kwamba nyuma ya kila moja kuna uchunguzi wenye mipaka yake.

Mfano ni ile ngazi ya milimita 2. Ilitokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya Knirk na Jupiter iliyochapishwa mwaka 1986, iliyofuatilia mivunjiko 43 ya vijana wa Boston kwa miaka sita na zaidi. Wote waliobaki na ngazi ya milimita 2 au zaidi walionyesha dalili za kiungo kuchakaa kwenye picha. Mwaka 2009 Jupiter mwenyewe, akiwa na Haus, aliipitia upya kazi hiyo na kueleza udhaifu wa namna vipimo vilivyochukuliwa. Isitoshe, kiungo kilichochakaa kwenye filamu si lazima kiwe kiungo kinachouma.

Picha ya pili

Mfupa uliovutwa na kufungwa hogo haujatulia. Uvimbe unapopungua, plasta hulegea, na vipande vinaweza kuteleza taratibu bila mgonjwa kuhisi chochote. Kwa hiyo picha hurudiwa baada ya wiki moja, na mara nyingi tena katika wiki ya pili. Ikionekana mfupa umeteleza ndani ya muda huo, bado unaweza kurekebishwa. Baada ya wiki tatu hivi mfupa mchanga umeanza kushikana, na kuurekebisha kunamaanisha kuuvunja tena kwa upasuaji.

Je, picha ya siku ya kwanza inaweza kueleza ni mfupa upi utateleza? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Mwaka 1989 Lafontaine na wenzake nchini Ubelgiji walitaja ishara tano: mwinamo wa zaidi ya nyuzi 20 kuelekea mgongo wa mkono, mfupa kupondeka upande huohuo wa mgongo, ufa kuingia kwenye kiungo, ulna kuvunjika pamoja na radiasi, na umri wa zaidi ya miaka 60. Mwenye tatu au zaidi alikuwa na uwezekano mkubwa wa mfupa kurudi kupinda ndani ya hogo. Mwaka 2006 Mackenney, McQueen na Elton wa Edinburgh walichapisha uchambuzi wa mivunjiko takriban 4,000. Humo umri, kupondeka kwa mfupa na urefu wa ulna ikilinganishwa na radiasi vilijitokeza kuwa viashiria muhimu. Umri, ambao hauhitaji eksirei yoyote, ulikuwa miongoni mwa vyenye nguvu zaidi.

Nachingwea na Ruangwa

Wilaya hizi mbili huishi kwa kilimo: korosho, ufuta, mbaazi, mahindi na muhogo. Ruangwa ina pia wachimbaji wadogo wa madini. Njia za kuvunjika kifundo ni zilezile za vijijini kote nchini, yaani bodaboda, kuteleza na mzigo kichwani, kuanguka kutoka mtini, na kwa wazee kujikwaa tu uani.

Kalenda ya shamba huupa mvunjiko uzito wake. Korosho huokotwa kuanzia Septemba au Oktoba, na mvua za kupandia huanza Novemba au Desemba. Hogo hukaa wiki sita hivi. Anayevunjika mkono katikati ya Oktoba atafunguliwa mwishoni mwa Novemba akiwa na mkono mgumu na dhaifu, wakati majirani wameshaingia shambani. Swali lake kwa daktari huwa moja: "Nitalima mwaka huu?" Jibu la kweli linategemea vipimo vya picha ya wiki ya pili kuliko vya picha ya siku ya kwanza.

Zahanati za vijijini hazina eksirei. Kipimo hiki hutafutwa kuanzia hospitali ya wilaya. Likihitajika bamba la chuma au daktari bingwa wa mifupa, safari huendelea. Kutoka Ruangwa barabara hushuka hadi Nanganga kwenye barabara kuu, ambako upande mmoja huelekea Ndanda na Masasi, na upande wa pili Nyangao na Lindi. Ndanda ina Hospitali ya Mtakatifu Benedikto na Nyangao ina Hospitali ya Mtakatifu Walburga, zote zenye asili ya wamisionari Wabenedikto. Lindi mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, na Mtwara kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Mwisho wa safari ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Nachingwea iliwahi kuwa na reli ya kwenda Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kushindwa, lakini ilifungwa mwaka 1962. Leo majeruhi hupita barabarani.

Katika mazingira haya picha ya pili ndiyo inayopotea kwanza. Mgonjwa amefungwa hogo, maumivu yamepungua, nauli ni kubwa, na hakuna aliyemweleza kwamba mfupa unaweza kuhama kimyakimya. Hurudi wiki ya sita kufunguliwa, na hapo ndipo upindaji huonekana. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, katika wilaya kama hizi eksirei moja ya kawaida katika siku ya kumi ina thamani kuliko mashine yoyote ya kisasa iliyo mbali. Bei yake ni ndogo, na hupigwa wakati ambao bado kuna la kufanya.

Simu imepunguza umbali kidogo. Tabibu anaweza kupiga picha filamu na kumtumia daktari bingwa aliye mbali ili aamue kama safari inahitajika. Pembe husomeka vizuri ikiwa simu ilishikwa sambamba na filamu. Urefu kwa milimita hausomeki bila kipimo cha kulinganishia, kwa hiyo ni vyema rula ionekane ndani ya picha.

Wengi hupitia kwanza kwa waunga mifupa wa jadi, ambao huvuta mkono, huukanda na kuufunga kwa vijiti. Baadhi yao wana mikono yenye uzoefu, na Colles naye hakuwa na zaidi ya hiyo. Lakini wasichoweza kuona ni ufa ulioingia kwenye kiungo na kufupika kwa radiasi. Hatari ya haraka ni kufunga kwa kubana: vidole vikifa ganzi, vikivimba, vikawa baridi au kubadilika rangi, kifungo kinapaswa kulegezwa saa hiyohiyo na mgonjwa kupelekwa hospitali, iwe kilifungwa kijijini au wodini.

Mahali ambapo picha hushindwa

Ingekuwa rahisi kama mfupa ulionyooka ungekuwa mkono mzima, na uliopinda mkono mbovu. Mwaka 2011 Arora na wenzake wa Innsbruck, Austria, walichapisha matokeo ya wagonjwa 73 wa umri wa miaka 65 na zaidi, waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya bamba la chuma na hogo. Picha za waliopasuliwa zilikuwa nzuri zaidi na walishika kwa nguvu zaidi. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana katika mwendo wa kifundo wala katika majibu ya wagonjwa wenyewe kuhusu maumivu na kazi za kila siku.

Nchini Uingereza jaribio la DRAFFT la mwaka 2014, lililohusisha wagonjwa 461, lililinganisha bamba na nyaya nyembamba za chuma zinazopenyezwa kwenye ngozi. Baada ya mwaka matokeo yalilingana, ingawa nyaya ni za bei nafuu zaidi. Jaribio lililofuata, DRAFFT2 la mwaka 2022, lenye wagonjwa 500, lililinganisha nyaya na hogo lililofinyangwa vizuri. Kwa mara nyingine mikono ililingana baada ya mwaka, lakini takriban mmoja kati ya wanane waliofungwa hogo alilazimika kupasuliwa ndani ya wiki sita kwa sababu mfupa uliteleza. Kwa hospitali ya wilaya hii ni habari njema yenye sharti: hogo linatosha kwa wengi, mradi yule mmoja kati ya wanane agundulike mapema.

Kwa kijana anayefanya kazi nzito hali ni tofauti. Yeye ana miaka mingi ya kuutumia mkono huo, na mfupa uliopinda humdai zaidi kuliko bibi wa miaka 75 anayepika na kufagia. Utafiti wa wazee wa Austria usitumike kumnyima upasuaji mkulima wa miaka 30.

Kuna pia mambo ambayo hayamo kwenye filamu kabisa. Mwaka 2002 MacDermid na wenzake nchini Kanada walionyesha kwamba maumivu na ulemavu wa miezi sita baada ya kuvunjika vilihusiana zaidi na iwapo mgonjwa alikuwa na madai ya fidia kuliko na vipimo vya eksirei. Ugonjwa wa maumivu makali yanayoendelea, pamoja na uvimbe, jasho na ngozi kubadilika rangi, unaweza kutokea baada ya mvunjiko mdogo ulioungana vizuri. Tena kuna kinyume cha ajabu: ukano unaoinua dole gumba hukatika wenyewe wiki kadhaa baadaye, na hilo hutokea hasa kwa mivunjiko ambayo haikuhama. Picha ni safi, kisha asubuhi moja dole gumba halinyanyuki.

Vidole navyo huganda visipochezeshwa. Kukunja ngumi na kunyoosha vidole mara nyingi kwa siku, tangu siku ya kwanza ya hogo, pamoja na kuinua bega na kukunja kiwiko, ni tiba isiyo na gharama. Maendeleo makubwa huonekana ndani ya miezi sita ya mwanzo na huendelea polepole hadi mwaka.

Skafoidi

Skafoidi ni sura tofauti. Damu yake huingia kupitia upande wa mbali, ulio karibu na vidole, na kurudi nyuma. Ukivunjika, kipande cha karibu na radiasi kinaweza kukosa damu na kufa. Hapa utabiri hutegemea hasa mahali pa ufa: jinsi unavyokaribia radiasi, ndivyo matumaini ya kuungana yanavyopungua.

Tatizo ni kwamba eksirei ya siku ya kwanza inaweza kuukosa ufa kabisa. Kijana aliyeanguka na anayeumia kwenye kishimo kilicho chini ya dole gumba hufungwa hata kama picha haionyeshi kitu, kisha picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, au hufanyiwa MRI inapopatikana. Kuambiwa "ni mshtuko tu" na kurudi kwenye jembe ni njia ya kawaida ya kupata skafoidi isiyoungana, ambayo huharibu kifundo kizima miaka ya mbele.

Watoto

Kwa mtoto aliyeanguka kutoka mwembeni kanuni hugeuka. Sehemu kubwa ya urefu wa radiasi hukua kutoka kwenye bamba la ukuaji lililo karibu na kifundo, na ukuaji huo hunyoosha mfupa uliopinda. Upindaji ambao kwa mtu mzima ungehitaji upasuaji unaweza kutoweka kwa mtoto wa miaka saba ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kinachoangaliwa kwenye picha ni kama bamba hilo bado liko wazi, na kama ufa umelipitia. Likijeruhiwa, mfupa unaweza kuacha kukua huku ulna ikiendelea, kwa hiyo mtoto hufuatiliwa kwa picha hata baada ya kupona.

Picha za kisasa

Mashine ya CT hukata picha vipande vyembamba na kuonyesha ngazi ya kiungo kwa usahihi kuliko eksirei. Nchini Tanzania hospitali za rufaa za mikoa zilipata mashine hizi kwa wingi kupitia fedha za mkopo wa Uviko-19 za mwaka 2021. Hufaa kupanga upasuaji wa kiungo kilichopondeka. Kwa mvunjiko wa kawaida haziongezi mengi. MRI huonyesha kano, gegedu na mifupa iliyokosa damu.

Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, wametumia aina ya CT yenye uwezo wa kuona nyuzi nyembamba za mfupa. Kwa wanawake wenye umri zaidi ya miaka 50 waliofungwa hogo, walipiga picha mara kadhaa na kukadiria kwa kompyuta ugumu wa mfupa unavyorudi wiki baada ya wiki. Njia hii bado ni ya utafiti.

Kipimo cha DXA hakielezi mvunjiko uliopo bali unaofuata. Hupima wingi wa madini mifupani, na kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1994, alama ya -2.5 au chini yake huitwa osteoporosisi. Mwanamke wa miaka 60 aliyevunjika kifundo kwa kujikwaa tu ana hatari iliyoongezeka ya kuvunjika nyonga au uti wa mgongo, na mvunjiko huo wenyewe ni sababu tosha ya daktari kuuliza juu ya mifupa yake hata mahali ambapo DXA haipo.